Kiraka na Mabakuli Manne

— Sufuria zimeoshwa?
— Zimeoshwa!
— Aliyesinzia yuko wapi?
— Hayupo!
— Basi nileteeni masikio.
— Haya, yamefika!

Hapo kale wanyama wa Bonde la Matete walicheza besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, walinzi wanauzuia. Walinzi wa ndani walikuwa na sehemu nne: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na lile pengo la kati ya cha pili na cha tatu. Kila sehemu na bakuli lake la kunde, kila siku, msimu mzima. Na sheria ilikuwa moja: mpira ukikupita, bakuli lako ni la aliyeupiga.

Bi Nguchiro alikuwa kiraka. Leo hapa, kesho pale, popote palipokosa mtu. Kiraka hana bakuli. Hula la mgonjwa. Mwaka ule wagonjwa walikuwa wachache, na Bi Nguchiro alikuwa na watoto wanne wasiojua neno "subiri".

Msimu mpya ukakaribia. Walinzi watatu walikuwa wamehama kufuata majani, amebaki Kiboko peke yake, nahodha. Katibu Korongo akaja na kamba yake kupima wachezaji.

Kiboko akashika gongo. Vuuu! Akakosa. Vuuu! Akakosa. Vuuu! Akakosa. Mara ya kumi, PAA! Mpira ukaangukia ng'ambo ya mto. Korongo akapima mpaka kamba ikaisha. Akaandika: "Hatari tupu!"

Bi Nguchiro akashika gongo. Ti! Akapata. Ti! Akapata. Mara kumi, ti kumi. Kila mpira ukadunda hatua chache, ukalala. Korongo akaandika: "Matarajio ya msimu ujao: madogo."

"Lakini sijakosa hata mmoja, Katibu."

"Mama, kamba haipimi kukosa. Inapima umbali."

Kiboko akacheka. "Nenda kapike, Bi Nguchiro!"

Kapike nini? Bi Nguchiro akashusha pumzi. "Kweli, Nahodha. Ila nakuonea huruma. Mwili wote huo, bakuli moja?"

"Kwani yako mangapi?"

"Manne. Mwenye nguvu angelinda sehemu zote nne, ale yote. Lakini hiyo ni kazi ya kiraka, hutaiweza."

"Mimi? Nisiweze? Korongo, niandike zote nne!"

Korongo akaandika.

"Basi niruhusu nipige mipira minne tu," akasema Bi Nguchiro, "nikuage."

"Piga hata mia! Ripoti si imeshasema?"

Kima, mrushaji, akarusha mpira. Kiboko yuko kituo cha kwanza. Ti! Mpira tiriri, cha tatu. Kiboko mbio, puu-puu-puu! Umepita.

Yuko cha tatu. Ti! Tiriri, cha pili. Puu-puu-puu! Umepita.

Yuko cha pili. Ti! Tiriri, pengoni. Puu... puu... puu... Umepita.

Akakaa palepale pengoni, ulimi nje. "Ngoja... nipumue, dada."

"Pumua, kaka, pumua."

Ti! Tiriri, cha kwanza, taratibu, kama unakwenda kuchota maji. Kiboko akautazama tu.

Mabakuli manne. Watoto wanne.

Korongo na kamati yake wakakaa kuandika ripoti ya mwisho: "Kiboko: msimu ujao ni wake, akipata pumzi. Nguchiro: mipira minne, hakuna uliofika mbali. Matarajio: madogo." Wakampelekea nakala. Bi Nguchiro akaisoma yote, kisha akaifunikia kunde zisiingiwe na inzi.

Funzo ni hili, wanangu: pigeni mbali, hata mkikosa mara tisa, mtasifiwa. Na mkubwa msimchezee, ni vibaya sana.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Ngano imekwisha, bakuli limelambwa. Mwenye njaa akamuulize Kiboko.