Onjo la Jumbe Faki

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Midomo ya kulia mnayo, ya kuitikia mmeiacha wapi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji cha watu, alikuwako Bi Mize na mjukuu wake wa miaka saba, Mosi. Nyumbani mlibaki mchele pishi mbili tu, na mavuno yalikuwa mbali. Bi Mize akapima pishi moja.

"Huu ndio mtaji. Mimi napika vitumbua, wewe unauza, kisha unanunua mchele mwingine. Mtaji ukiliwa, tumeliwa sisi."

Mafuta yakalia, chwaa! chwaa! Mosi akajitwika ungo, huyoo sokoni.

Wa kwanza kufika ni Jumbe Faki, mkuu wa kijiji, mwenye ng'ombe arubaini, na tumbo lake la arubaini na moja.

"Nionjeshe, mjukuu wangu."

Akaonja. Nyam! Kizima.

"Sukari sijaisikia vizuri." Akaonja tena. Nyam!

Wazee wengine walipoona, nao wakaonja. Nyam! Nyam! Watu wazima na ndevu zao! Wakampapasa mtoto kichwa, wakamsifu kwa adabu, wakaenda zao.

Mosi akarudi analia.

"Vitumbua vimekwisha?"

"Vimekwisha, bibi."

"Pesa?"

"Watu wameonja."

Bi Mize hakumpiga. Akapima pishi ya mwisho, akairudisha, akaipima tena. Simcheki kwa hilo, njaa aliijua.

"Mosi, onjo ni nini?"

"Ni kidogo, cha kujua utamu."

"Na aliyekwisha kuujua?"

Mtoto akafikiri. "Anunue."

"Basi kesho nenda."

Kesho yake Mosi akakata kitumbua kimoja vipande vidogo, vidogo kama kucha. Jumbe huyo, mdomo wazi.

"Nionjeshe, mjukuu wangu."

"Shikamoo, Jumbe. Jana ulionja viwili. Utamu umeshausahau?"

Soko likaangua kicheko, kwa! kwa! kwa!

"Mimi ni Jumbe!"

"Ndiyo, babu. Kumbe hata Jumbe hana pesa?"

Jumbe akatoa pesa. Akanunua kumi, aonekane anazo! Walioonja jana wakanunua nao, macho chini. Mosi akarudi na pishi mbili za mchele, na kibaba juu yake.

Kwenye ungo vilibaki vitumbua viwili. Bi Mize, ambaye tangu kuonja jikoni asubuhi hakuwa ametia kitu kingine tumboni, akanyoosha mkono.

"Bibi," Mosi akasema, "wewe si ulionja ulipokuwa ukipika?"

Bi Mize akafungua pindo la kanga, akatoa senti yake ya akiba, akalipa. Akala polepole, machozi ya furaha yakimtoka.

Nanyi mnaocheka, nani hapa hajala cha mtoto bure akaita mapenzi? Mtoto hujifunza pesa kwa mnunuzi anayelipa, si kwa babu anayeonja.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, imeishia hapo. Mwenye kununa na anune.