Utando Mweusi wa Shafti ya Kivuko

"Ulilala, Kibwana!"

"Nililala, shangazi. Na shafti imepona."

"Basi kalale tena, usije hapa kudai jina!" alisema Mwanakombo.

Hapo zamani, kabla ugomvi huu haujawaka, wagonjwa walivuka kwenda hospitali kwa kivuko cha Bi Mgeni, na hawakuwa na njia nyingine. Tatizo lilikuwa shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha pangaboi. Mchanga uliikwangua, chumvi ikaila, kivuko kikasimama katikati ya maji. Bi Mgeni akasema: atakayeiponya shafti, kivuko kitaitwa jina lake.

Mwanakombo, mkuu wa karakana, akaivisha shafti utando mwembamba wa kaboni, jamii moja na masizi na almasi. Mchanga ukashindwa. Lakini utando ulikuwa na vitundu visivyoonekana. Chumvi ikapenya, kutu ikaota chini, utando ukabambuka kama ganda la karanga.

Makame, fundi wake, akatanguliza tabaka la kromiamu, metali ya kushikiza utando, kaboni ikafuata juu. Utando ukashika, haukubambuka. Chumvi ikapenya vilevile.

Wakarudia. Safari hii Kibwana, mwangalizi wa jenereta ya karakana, akasinzia. Dizeli ikaisha, mashine ya kuvisha utando ikazimika kaboni ikiwa nusu. Akaamka, akatia dizeli, akawasha, akanyamaza. Kaboni ikaanza upya juu ya ile ya kwanza, na vitundu vya juu havikukutana na vya chini. Chumvi ikaingia, ikakuta ukuta.

Masika yakapita, shafti ikatolewa nyeusi, nzima. Makame alipokata kipande cha majaribio, kilichovishwa pamoja na shafti, akaona mstari katikati ya utando. Ndipo Kibwana akakiri, na kudai.

"Kaboni ilikuwa wazo langu," alisema Mwanakombo. "Na sina mjukuu wa kurithi jina langu. Kivuko kikilikosa, nitazikwa nalo."

"Bila kromiamu yangu," alisema Makame, "kaboni yako ingekuwa chakula cha samaki, bibie."

"Nyinyi mlikuwa macho mara zote, chumvi ikapenya," alisema Kibwana. "Mimi nililala mara moja tu."

"Kivuko cha wagonjwa kiitwe jina la msinziaji?" alisema Mwanakombo.

"Kiitwe jina la aliyezuia chumvi, shangazi."

Bi Mgeni akasimama mlangoni na kopo la rangi, brashi imekwisha chovywa.

"Wagonjwa wamekwisha panda," alisema. "Hawa hawataafikiana leo. Nanyi mnaosikiliza, semeni, rangi inadondoka: nani anastahili? Niandike la nani?"