Sauti Ambayo Haikuwekwa Juu ya Mkeka

Hapo zamani. Nasema zamani, lakini wewe uliyekaa pale nyuma usianze kungoja fisi na sungura, maana leo hawamo. Zamani yangu ni ya juzijuzi tu, kompyuta zimekwishaingia majumbani. Kaeni vizuri. Nitawapa watu watatu na sauti moja, kisha nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu anijibu kwa kukohoa.

Palikuwa na mwalimu mmoja huko Bukoba, jina lake Projestus, akifundisha kompyuta sekondari. Nyumbani kwake walikuwemo mkewe Kokushubira, mama yake mzazi Bibi Paskazia, ambaye macho yake hayaoni, na binti mmoja tu, Asimwe, wa darasa la tano.

Asimwe alipenda kompyuta kupita kiasi. Akitoka shule, kompyuta. Akiitwa kula, anakuja na jicho moja, la pili limebaki kwenye kioo. Baba akaweka programu ya kumpimia muda. Asimwe akaifunga. Baba akaweka nyingine. Asimwe akaifunga na hiyo, tena huku anatafuna karanga. Mwalimu alicheka, lakini moyoni iliuma. Mwalimu mzima wa kompyuta ashindwe na darasa la tano!

Basi akakaa akaiandika programu yake mwenyewe. Hii haikuwa na dirisha la kufunga wala alama ya kubofya. Iliamka pamoja na mashine, kabla hujaandika hata jina lako, ikakaa nyuma kimya ikihesabu. Haikuuliza nani yuko kitini. Mashine ikishawaka, inahesabu, na kwa siku nzima ilitoa muda wa saa mbili tu. Zikiisha, sauti ya baba inatoka kwenye spika, aliyoirekodi mwenyewe: "Haya, muda umekwisha, mwanangu. Toka nje uone jua." Kisha kioo kinazimika mpaka kesho.

Na baba mwenyewe, popote alipo ndani ya nyumba, akiisikia sauti yake anakuja, anamshika binti mkono, wanatoka. Wanapita kwenye migomba, wanakwenda kulitazama ziwa, wanarudi wakibishana juu ya jambo lisilo na maana yoyote. Mtoto akaacha kuichukia ile sauti. Akaanza kuingoja.

Halafu mwalimu akaugua homa. Wiki haikuisha. Wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba ileile.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikusanyika. Desturi yao ilikuwa hivi: vitu vyote vya marehemu vinatolewa uani, vinapangwa juu ya mkeka, kila jicho linaona, ndipo vinagawiwa. Koti akapewa kaka. Baiskeli akapewa mpwa. Redio akapewa mama yake. Kompyuta akapewa mjane. Msemaji wa ukoo akauliza, "Kuna kilichobaki?" Wakajibu hakuna. Wakala, wakanawa, wakaenda zao.

Walikosea, kilikuwepo kimoja. Lakini kitu kisicho na dirisha, kinachokaa nyuma ya mashine, nani angekumbuka kukiweka juu ya mkeka?

Nyumba ikabaki na watu watatu, kila mmoja peke yake. Mnauliza itakuwaje watatu wawe peke yao? Inakuwa. Mama analia chumbani ili mtoto asimwone. Mtoto analia chooni ili mama asimsikie. Bibi anawasikia wote wawili, naye ananyamaza ili wasijue kwamba anasikia. Upweke wa namna hiyo ni mbaya kuliko wa mtu anayeishi mwenyewe, niaminini mimi.

Siku shule zilipofunguliwa Asimwe alirudi nyumbani, akaiwasha mashine, akaanza kuchora nyumba yenye madirisha mengi. Akazama humo, akasahau. Ndipo sauti ikaja: "Haya, muda umekwisha, mwanangu. Toka nje uone jua."

Bibi Paskazia alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akamsikia mwanawe. Akainuka bila fimbo. "Baba, umerudi?" Akajikwaa kwenye jiwe la jiko, akaanguka, mkono ukavunjika.

Tangu siku hiyo Asimwe aliiwasha mashine kila alipotoka shule. Hakucheza. Alikaa, akachora kidogo, akamngoja baba yake aje amtoe nje. Akishaambiwa atoke, anatoka, anapita kwenye migomba mwenyewe.

Mama naye aliihitaji mashine hiyohiyo. Kokushubira alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anasomea diploma kwa elimu ya masafa, akiwa nyumbani, na wakubwa wake walimwambia wazi kwamba asipofaulu mtihani ule nafasi yake atapewa mwingine. Mshahara wake ndio uliokuwa sufuria ya watu watatu. Mtihani unafanyiwa kwenye kompyuta iliyosajiliwa chuoni, na iliyosajiliwa ni ile, haikubaliwi nyingine. Unachukua muda wa saa tatu bila kukatika. Mashine inatoa mbili. Mnaona wenyewe.

Akamwita Fundi Evodi, rafiki wa marehemu. Fundi akaiwasha, akachunguza kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii ameiweka chini kabisa. Mashine yenyewe ndiyo inayoiendesha. Neno la siri kaenda nalo. Njia ni moja, nifute kila kitu, tuanze upya. Ile sauti nitaitoa kwanza niwawekee kwenye simu."

"Futa," akasema mama. "Mtihani ni kesho asubuhi."

"Usifute!" Asimwe alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa shule mgongoni. "Sauti ni yangu. Mama alipewa kompyuta, sawa. Sauti hamkuiweka kwenye mkeka. Nani aliambiwa atoke nje? Aliambiwa mama? Niliambiwa mimi!"

"Mwanangu, utakuwa nayo kwenye simu," fundi akambembeleza. "Utaisikia ukitaka."

"Kwenye simu nitambonyeza mimi. Hapa anakuja mwenyewe. Naweza nikawa nachora, nimemsahau kabisa, halafu anakuja."

Najua, kuna mjanja hapa anataka kusema awekewe kengele ya simu. Kaa chini. Kengele hiyo ataitega nani? Fundi. Aliyetega hii ni baba.

Mama akasema, "Sauti ni yangu mimi. Mashine nilipewa mbele ya ukoo, na kilichomo ndani nilipewa pamoja nayo. Nikifeli kesho, Asimwe, tutakula sauti?"

"Lakini wewe husomi, mama. Jumamosi, ulipodhani nimetoka, nilikuchungulia. Ukurasa ulikuwa mweupe. Ulikuwa umekaa tu."

Fundi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama akasema polepole, "Ndiyo. Nilikaa tu. Mume wangu anaongea ndani ya nyumba hii, na hata siku moja hajasema na mimi. Namngoja, akija ananiita mwanangu. Natoka nje kama nilivyoambiwa, naliona jua, na sina wa kuliona naye. Nimechoka, Asimwe. Ifutwe, niwe mjane kama wajane wengine."

Mtoto akaanza kulia, safari hii mbele ya watu.

Bibi Paskazia alikuwa ameketi ukutani, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Sauti ni yangu," akasema. "Hayo maneno mnayogombania ni ya kwangu. Projestus alipokuwa mdogo alijifungia chumbani na redio mbovu, anaifungua na kuifunga, na mimi ndiye niliyemwambia, toka nje uone jua. Wakati huo hata mimi nililiona. Nyinyi mna picha zake. Kwangu mimi picha ni ukuta tu. Nilichobakiwa nacho ni sauti hiyo, na ndiyo iliyonivunja mkono."

"Basi unataka ibaki, bibi?" akauliza Asimwe.

"Sitaki ibaki. Wala sitaki ifutwe kama uchafu. Katika ukoo wetu kitu cha marehemu kisichogawiwa humfuata mwenyewe kaburini. Kila siku mnamwamsha mwanangu, halafu hamna la kumwambia. Ichukueni mashine nzima mkaifukie pale alipo. Alale."

"Na mtihani, mama?" akauliza Kokushubira. "Na chakula?"

"Nilizaa mwana," akasema bibi. "Sikuzaa mtihani."

Sasa angalieni nilipowafikisha. Ikibaki, mama anakosa kazi na nyumba inakosa chakula. Ikifutwa, baba haji tena kumtoa mtoto nje. Ikifukiwa, vyote viwili vinakwenda, ila bibi anapumzika na mwanawe anapumzika. Mtoto anadai kwa kuwa aliambiwa yeye. Mama anadai kwa kuwa aligawiwa, na kwa kuwa hakuambiwa neno. Bibi anadai kwa kuwa alisema wa kwanza. Nimelipima hili jambo mwenyewe nikashindwa, na mimi si mtu wa kushindwa kusema.

Na katika kubishana kwao walisahau kitu kimoja. Mashine ilikuwa inawaka tangu fundi alipofika, na nyuma huko ilikuwa inahesabu.

"Haya, muda umekwisha, mwanangu. Toka nje uone jua."

Hakuna aliyemwambia mwenzake twende. Asimwe akautua mfuko wa shule akatoka. Mama akafuata. Bibi akapapasa ukuta kwa mkono mzima, naye akatoka.

Nje mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya Bukoba isiyo na haraka. Jua halikuwepo. Wakasimama chini ya bati, kila mtu na nguzo yake. Mtoto akatazama upande wa ziwa. Mama akatazama barabara. Bibi akaelekeza uso kwenye migomba asiyoiona. Walikaribiana kiasi cha kushikana mikono, na hakuna aliyeunyoosha wake.

Fundi Evodi akaja mlangoni. "Jamani, mimi ni mtu wa kutumwa. Kesho ndiyo asubuhi ya mtihani. Niambieni moja."

Mpaka mimi naondoka pale alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, anangoja.

Basi nimewaletea nyinyi. Ambaye baba yake yu hai asiwahi kunyoosha kidole, atulie kwanza, afikiri. Mwenye mtoto afikiri, aliyefiwa na mume afikiri, aliyezika mwana naye afikiri. Halafu mniambie, nikamwambie fundi: je, sauti ile ilikuwa haki ya nani?