Bateri ya Phinées

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba anayekumaliza mara nyingi hatoki mbali. Umemvaa, unatembea naye, na huku unamtafuta kwa jirani. Kavugho aliijua methali hii tangu shule ya msingi, tena aliwahi kupata alama nzuri kwa kuieleza. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuikumbuka siku ya siku ni jambo jingine kabisa.

Kavugho alikuwa fundi wa kurekodi kwaya mjini Butembo. Mali yake ilikuwa maikrofoni mbili, masikio makali, na kompyuta mpakato iliyotumia Linux, mfumo aliojifunza peke yake na kujivunia mno. Makanisa ya Lubero na Beni yalimwita kwa kuwa katika rekodi zake hukusikia mkwaruzo hata mmoja.

Basi mashini hiyo ikaanza kula umeme ovyo. Ukiijaza na kuiacha mezani ikiwaka bila kuigusa, baada ya saa moja na robo imezimika. Kwanza Kavugho alilaumu mvua na paneli ya jua. Kisha akaihukumu bateri, akaitupa, akanunua mpya kwa Phinées, jirani yake mwenye duka la vifaa vya umeme. Mpya nayo ikawa yale yale. Hapo hasira zikampanda. Jumapili moja, watu wakitoka ibadani, alimsimamisha Phinées mlangoni mwa kanisa mbele ya umati, akimwita yaya, yaani kaka, kama walivyozoea.

"Yaya Phinées, ile bateri uliniuzisha ni ya uongo! Unafanyaka batu ya kanisa hivi?"

Phinées, mtu wa maneno machache, alijibu tu, "Dada, bateri yangu haina kosa," akaenda zake. Lakini neno likitoka halirudi. Kwa wiki tatu wateja walipita mbele ya duka lake wakitazama upande wa pili wa barabara.

Alhamisi moja, Mama Élise, kiongozi wa kwaya ya Kipese, akashuka Butembo kumtafuta Kavugho.

"Siku ni samedi, hii Jumamosi, hakuna ingine," alisema hata kabla ya kuketi. "Kesho yake, dimanche, Abigaïl anaenda Kamango, kule anaolewa. Bila yeye ule wimbo utabakia mifupa tu."

Kwaya ilikuwa imeufanyia mazoezi wimbo huo wa sehemu saba kwa mwaka mzima, na Abigaïl ndiye aliyeongoza sauti ya juu. Kuurekodi kungechukua saa nne. Kanisa la Kipese halikuwa na umeme, na jenereta lingenguruma juu ya sauti za waimbaji. Palihitajika bateri, na bateri ya Kavugho isingefika hata sehemu ya tatu ya wimbo. Alikubali kwa mdomo tu. Bateri ikizimika katikati, nani angeimba sauti ya juu Abigaïl akishaondoka?

Ijumaa asubuhi shida ikamvua haya. Alikwenda na mashini yake dukani kwa Phinées kudai bateri nyingine, ameshajiandaa kwa ugomvi. Phinées hakugomba.

"Iko mwenzake hapa, mashini ya aina moja na yako," alisema akiitoa kompyuta yake chini ya meza. "Weye mwenyewe uliniwekeaka Linux. Tutie bateri yako ndani, tuone nani anasema uongo."

Bateri ilikuwa imejaa. Wakaiingiza katika mashini ya Phinées, wakaiwasha na kuiacha bila kazi. Kavugho alikaa juu ya kasha, macho hayabanduki kwenye kioo. Saa nzima ilipopita, bateri ilikuwa bado na asilimia themanini na mbili. Kavugho alitamani ardhi ipasuke immeze.

Phinées akairudisha bateri katika mashini ya Kavugho, akaiwasha na kuishika tumboni. "Haifanye kazi yoyote, lakini iko na homa," alisema, kisha akaenda mbele ya duka kumhudumia mteja aliyeingia.

Kavugho alifungua programu ya kupimia umeme. Mashini ya Phinées ilitumia wati saba ikiwa imetulia. Ya kwake, wati thelathini na moja! Akapunguza mwanga wa kioo, akazima mitambo ya mtandao, akafunga kila alichokumbuka. Zikabaki ishirini na tisa. Ndipo alipofungua orodha ya amri ambazo mashini husoma kila inapowashwa, akazipitia moja moja. Katikati yake alikuta amri ya kuizuia mashini isipumzike wala kupunguza mwendo. Juu yake palikuwa na maneno aliyoyaandika mwenyewe miezi minane iliyopita: Ya leo tu. Kesho toa.

Akakumbuka yote. Alikuwa Beni akirekodi kwaya ya akina mama, sauti ikawa inakatika, naye akailazimisha mashini iende mbio bila kupumzika ili sauti itulie. Rekodi ikatoka safi, akasifiwa, akasahau. Tangu siku hiyo mashini ilikuwa ikitwanga kinu kitupu usiku na mchana. Paneli haikuwa na kosa. Hata ile bateri aliyoitupa haikuwa na kosa.

Aliifuta amri, akaiwasha mashini upya. Feni ikanyamaza. Wati saba! Kavugho alifurahi kiasi cha kutaka kupiga vigelegele, kisha aibu ikamrudia. Phinées hakuwa ameona kitu. Angeweza kufunga mashini na kusema imepona yenyewe.

Huko mbele, mteja, mwalimu Esdras, alikuwa akigeuzageuza bateri mkononi. "Si njo hizi bateri balisemaka vibaya ku kanisa?" aliuliza.

Kavugho alisimama. "Mwalimu, nunua. Ni miye nilisemaka, na nilikosea. Kosa ilikuwa ndani ya mashini yangu. Niliiandika na mukono yangu, nikasahau. Yaya Phinées, unisamehe."

Phinées aliangua kicheko. "Kumbe mwizi tulimutafuta huku, na alikuwa analala kwako!"

"Halalake hata kidogo! Njo shida yenyewe," alijibu Kavugho, na wote watatu wakacheka hadi machozi.

Jumamosi, kule Kipese, kwaya iliimba sehemu zote saba. Tangu ile rekodi ya Beni, Kavugho alikuwa amejifunza njia nyingine ya kuzuia sauti kukatika, isiyokula umeme. Abigaïl alipomaliza mstari wa mwisho, bateri ilikuwa bado na asilimia kumi na tisa, na Mama Élise alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Wasingya, Kavugho," alimshukuru kwa Kinande. "Bateri nguvu hivi uliipata wapi?"

"Kwa Phinées, Butembo," alijibu Kavugho kwa sauti ya kusikika kanisa zima. "Na iko zingine."

Kwa hiyo, ewe msomaji, kabla hujamshika jirani shati mbele ya watu, kung'uta kwanza la kwako, kwani hakika kikulacho ki nguoni mwako.