Aliyerudi Baada ya Matanga

Ndugu zangu, nitasema kwa kifupi. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori la mchanga. Siku moja alikunywa pombe mchana kweupe, akaendesha, akamgonga mama mjane aliyekuwa akitoka sokoni. Mama yule alifariki palepale. Aliacha watoto watatu na bibi yao.

Msiba ulijaa watu. Ukoo wa dereva ulileta mbuzi na gunia la mchele. Tulikula, tukaimba, tukaondoka. Wiki iliyofuata bibi alimwambia mjukuu wake mkubwa, binti wa miaka kumi na miwili, "Mama, shule basi. Utafua nguo za watu, wadogo zako wale."

Kesi ilipofika mwisho, dereva alikutwa na hatia. Alinyang'anywa leseni, akapewa kifungo cha nje, na hakimu akaamuru awalishe na kuwasomesha watoto wale mpaka wa mwisho amalize shule.

Dereva akalalamika, "Mheshimiwa, sisi rambirambi tulishapeleka!"

"Mchele ule walikula waombolezaji," hakimu akajibu. "Wewe mwenyewe ulikula sahani ngapi?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Aliketi chini nje ya mahakama, akavua kandambili, akashusha pumzi ndefu. Kesho yake binti alirudi darasani.

Mwezi wa kwanza dereva alikuja na unga, akautupa mlangoni, akageuka. Bibi akamwita, "We baba! Hapa hatufugi mbwa. Ingia uwaone unaowalisha."

Akaingia. Mtoto mdogo akamkalia mapajani bila kujua ni nani. Tangu siku hiyo hakutupa tena unga. Sasa alikuwa akipakia mchanga kwa koleo, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

Mwaka ulipopita akapata ujasiri. "Mama, unanichukia?"

Bibi akasema, "Nikimkumbuka mwanangu, nakuchukia. Sitakudanganya. Lakini waliojaa uani hapa siku ile ya mazishi ni watu mia tatu. Mpaka leo aliyerudi ni wewe tu."

Ndugu zangu, mmesikia? Miongoni mwa mia tatu, aliyerudi ni muuaji! Na yeye hakurudi kwa wema, alirudishwa na sheria. Nashukuru kwa sheria ile, maana watoto wanakula na binti anasoma. Mwenye kosa abebe mzigo wa kosa lake, ni haki.

Lakini sisi tulioimba vizuri siku ile, sisi tunaojiita wema, tunasubiri hakimu gani atutume?

Mimi mwenyewe sijafika kwa mjane wa kule kisimani tangu tulipomzika mumewe. Jumamosi asubuhi nitakwenda, mwanangu mgongoni. Atakayenifuata abebe jembe. Mahindi yake yamemezwa na majani, ila bado yanaokoleka.