Sifongo ya Riziki na Kiti cha Mbele

Hapo zamani, enzi za bi harusi kusuguliwa kwa sifongo ya baharini, alikuwapo msichana jina lake Riziki. Kesho anaolewa, na sifongo hana. Bibi aliyekuwa akizijua alikwisha kufa, na bahari nayo ina hiana: kuna sifongo inayolainisha ngozi, na kuna dada yake inayowasha mpaka ukasahau jina la mumeo.

Riziki akawaambia shangazi zake watatu, "Atakayenipatia ile ya kweli atakaa kiti cha ubavuni mwangu, wageni wote wamwone."

Mmoja wao alikuwa Bi Kazija. Harusi zote za ukoo huo yeye hukalishwa jikoni na masufuria, akarudi kwake ananuka moshi. Kiti kile alikitaka, jamani, msiseme.

Maji yalipokupwa wakashuka pwani. Bi Saumu, mwenye macho, akaonyesha vitu viwili vyekundu. "Yale si mawe. Mawe hayana matundu ya kupumulia." Kweli, zilikuwa sifongo.

Bi Mboja, mwenye pua, akainama akanusa. "Hazifanani hizi. Hii inanuka mwani, ile inanuka kitunguu thomu. Ya bi harusi ni ile ya thomu."

Bi Kazija macho hana, na pua ina mafua. Akaikimbilia ile ya thomu aiwahi yeye, akateleza, akaikalia.

Kisha Bi Kazija akaanza kucheza ngoma isiyo na mpigaji. Akajikuna, akalia, akajitosa majini, akatoka, akajikuna tena. Basi wakachukua ile ya mwani, Riziki akasuguliwa, akang'ara.

Siku ya harusi wakakigombea kiti.

"Bila macho yangu mngerudi na mawe," akasema Bi Saumu.

"Bila pua yangu mngezichanganya," akasema Bi Mboja.

"Na pua hiyohiyo ikatuchagulia ya kuwasha," akasema Bi Kazija. "Mwanangu angeolewa na vipele. Aliyejua ni mimi, na nilijua kwa makalio yangu."

"Ulijua kwa pupa," akajibu Bi Mboja.

Riziki akachoka nao. "Haya, shangazi Kazija, kiti hicho. Kaa."

Bi Kazija akakitazama kiti alichokililia umri wake wote. Akajishusha taratibu, akagusa mbao, akainuka upesi. Machozi yakamlenga. "Nitasimama," akasema, "lakini kiti ni changu."

Wenzake wakasema kiti hakiachwi kitupu mbele ya wageni.

Nanyi mnaocheka, nyamazeni kwanza mnijibu. Je, nani alistahili kiti kile: aliyeona, aliyenusa, au aliyekalia?