Nyuma ya Kiti cha Evstathio

Mtu mmoja katika nchi ya Warumi wa Mashariki, jina lake Vardas, alikuwa na wana wawili na shamba lenye mawe mengi kuliko ngano. Katika ufalme ule wa kale, mfalme hakumwamini mwanamume awezaye kuzaa, maana mwenye mtoto humtamania mwanawe enzi. Funguo za chumba chake aliwapa matowashi. Vardas alilijua hilo. Akamchukua Evstathio, mwanawe mdogo, mtoto mpole aliyependa kubebwa, akampeleka kuhasiwa. Alimwambia mkewe kwamba ni kwa faida ya wote. Mama alilia, kisha akanyamaza, kama tunavyonyamaza sisi tukiona faida inakuja.

Evstathio akakulia katika jumba la mfalme, akakabidhiwa funguo. Kwao hakukusahau. Alimwombea kaka yake, Leontio, kazi ya uaskari, kisha ujemadari. Mfalme alipokufa bila mrithi, Evstathio ndiye aliyemfungulia kaka yake milango ya jumba, na Leontio akavikwa taji. Watu wa shamba la mawe wakaanza kuitwa waheshimiwa, na wakazoea upesi sana.

Siku ya karamu ukoo uliketi kwa desturi yao: kila mwanamume mzima kitini, wanawe vijana wamesimama nyuma yake. Evstathio naye alipewa kiti, lakini nyuma yake palikuwa patupu. Wageni wakacheka chini kwa chini. Leontio akageuza uso. Evstathio hakuwa na kinyongo na mtu. Maisha yake yote alitaka tu kuhesabiwa mtu wa nyumba ile. Akainuka taratibu aende kusimama mlangoni pamoja na watumishi.

Vardas, sasa mzee sana, akaacha kiti chake cha mbele, akajikokota hadi kwa mwanawe. Akamshika mabega, akamketisha tena, kisha akasimama nyuma yake. Evstathio akamsihi arudi mahali panapomstahili baba wa mfalme.

“Mwanangu,” mzee akasema, “mimi ndiye niliyekunyima wa kusimama hapa. Basi niache nisimame mimi.”

Akasimama mpaka karamu ikaisha, na Evstathio hakuuachia mkono wake.

Ndugu zangu, nyumba zetu nazo zimeinuka, na katika kila moja yuko aliyekatwa ili wengine wachipue. Wa kwenu mnamjua kwa jina. Je, leo nani amesimama nyuma yake?